Nyeupe au Buluu Nzito?

SWALI: Chumba chetu cha kulala, katika nyumba ya mawe ya kale hapa Lamu, ni kirefu na chembamba, nacho kina dirisha moja tu. Mume wangu ataka kipakwe nyeupe, nami napenda buluu nzito. Bwana Mhariri, ipi ifaayo?

JIBU: Bibi, kabla ya kuhukumu baina yenu, yafaa ijulikane kwamba wembamba wa chumba hicho hautokani na ubakhili wa mwashi, bali na boriti za mikoko zilizobeba dari, ambazo kwa kawaida hazivuki upana wa mita 3, na katika chumba kama hicho nyeupe huieneza nuru haba iingiayo dirishani hata ikafika pembeni, ilhali buluu nzito huimeza, mkalazimika kuwasha taa adhuhuri.

Hata hivyo, buluu haikosi fadhila, kwani ikipakwa ukuta mfupi wa mwisho peke yake, ukuta huo huonekana umesogea, na urefu wa chumba ukapungua machoni.

Lakini jihadharini na rangi ya mafuta, kwa sababu ukuta wa matumbawe na chokaa hupitisha unyevu, nayo huufungia ndani hata ikabambuka magamba.

Basi hukumu yangu ni hii: kuta tatu zipakwe chokaa nyeupe, na wa mwisho chokaa iliyotiwa unga wa buluu, ambayo ikikauka hufifia, kwa hiyo jaribuni kwanza kipande cha dhiraa moja.