BIBI SAFI FAYE, MWALIMU ALIYEONGOZA SINEMA

Sinema ziko namna mbili. Namna ya kwanza huonyesha mambo ya kweli, kama watu walimavyo na wavuavyo samaki. Namna ya pili ni hadithi iliyotungwa, nayo huigizwa na wachezaji. Mtu aamuaye cha kupigwa picha, na wachezaji wafanye nini, huitwa mwongozaji. Leo tutasoma habari za mwongozaji aliyezichanganya namna hizo mbili.

Bibi Safi Faye alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Dakar, nchi ya Senegal. Wazee wake walikuwa Waserer wa kijiji cha Fad'jal. Alisomea ualimu, akafundisha watoto shuleni. Mwaka 1966 ilifanyika Dakar sikukuu kubwa ya sanaa za Waafrika, na huko alikutana na Jean Rouch, Mfaransa mpiga picha za sinema. Baadaye akaenda Paris, akajifunza elimu ya mila za watu, na kazi ya sinema pia.

Walakini hakuwasahau watu wake. Alirudi kijijini, na mwaka 1975 ikatoka sinema yake Kaddu Beykat, maana yake "Sauti ya Mkulima." Humo mna kijana Ngor, atakaye kumwoa Coumba. Lakini mvua imekosekana, karanga hazikustawi, na mahari hana. Basi anakwenda Dakar kutafuta kazi. Hadithi ilitungwa, lakini waliocheza ni wanakijiji wenyewe, nao walisema kwa vinywa vyao taabu ya kulima karanga za kuuza na kubaki na deni. Maneno hayo yalikuwa makali, hata sinema ikazuiwa isionyeshwe Senegal. Nchi nyingine waliiona, naye Safi akahesabiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kusini ya Sahara kuongoza sinema ndefu iliyoonyeshwa kwa biashara.

Hakukoma. Katika sinema ya Fad'jal, ya mwaka 1979, wazee wanawasimulia watoto habari za kale za kijiji chao. Sinema ya Mossane ilikwama miaka mingi kwa mashauri ya haki na fedha, lakini alivumilia hata ikaonyeshwa mwaka 1996. Alifariki Paris mwaka 2023.

Wengi walikwenda vijijini kuwasemea wakulima. Safi aliwaacha waseme wenyewe. Nanyi wanafunzi, mrudipo nyumbani, ketini na babu na bibi zenu, mwasikilize hata mwisho, kisha mwandike waliyoyasema.

MASWALI
1. Sinema ziko namna ngapi?
2. Kwa nini Ngor alikwenda Dakar?
3. Kwa nini Safi aliwachezesha wanakijiji wenyewe?