Ufito, Chungu na Unga: Kujifunza Imani Katika Mambo ya Kila Siku

Masomo: Yeremia 1:4-14, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Luka 13:1-5 na 13:20-21



Yeremia alikuwa kijana wa jamaa ya makuhani kutoka Anathothi, kijiji kilichokuwa karibu na Yerusalemu. Mungu alipomwita alijitetea kwamba hajui kusema, yeye ni mtoto tu. Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo mbingu zingefunguka aone kiti cha enzi na maserafi, kama Isaya alivyoona. Haikuwa hivyo. Mungu alimwuliza anaona nini, naye akajibu kwamba anaona ufito wa mlozi. (Mlozi hapa ni mti wa lozi, si yule mtu wa kuroga. Watoto waelezwe hivyo nyumbani, maana wengine huogopa.) Akaulizwa mara ya pili, akaona chungu kinachotokota. Basi. Kijiti na chungu, vitu ambavyo mama yeyote wa Anathothi alikuwa navyo uani.

Hebu tukae kwenye huo ufito kidogo. Katika nchi ya Israeli mlozi hutangulia kuchanua, baridi ikiwa bado haijaisha na miti mingine ikiwa imelala. Na kwa Kiebrania jina la mti huo, shaked, linakaribiana sana kwa sauti na shoked, yaani mwenye kukesha na kuangalia. Ndiyo maana katika mstari wa 12 Mungu anamjibu kwamba Yeye analiangalia neno lake mpaka litimie. Sisi tukisoma kwa Kiswahili sauti hizo hazitufikii, lakini Yeremia alizisikia papo hapo. Kijana huyo alikuja kuhudumu zaidi ya miaka 40. Alipigwa, alifungwa, alitupwa ndani ya shimo lenye matope. Mimi naamini kila msimu milozi ilipochanua alikumbuka: Mungu hajalala.

Lakini angalia mpangilio, mpendwa, kwa sababu tutaurudia. Yeremia aliona, Mungu akafasiri. Kijiti hakikujifasiri chenyewe, wala Yeremia hakujitungia maana.

Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati 6, anawaambia wazazi wayazungumze maneno ya Mungu na watoto wao wakiwa wameketi nyumbani, wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Hakutaja hema ya kukutania hata kidogo. Sisi Wapentekoste tunapenda kesha, na kesha ni njema. Sasa piga hesabu. Wiki ina saa 168. Ukija ibada ya Jumapili saa tatu, ushirika wa nyumbani saa mbili, na kesha la Ijumaa saa saba, hizo ni 12. Saa 156 zilizobaki uko jikoni, kwenye matatu, kazini, kwenye foleni ya maji, ama umelala. Ikiwa Mungu anakufundisha katika zile 12 peke yake, basi sehemu kubwa ya maisha yako haina mwalimu.

Bwana Yesu hakufundisha hivyo. Katika Luka 13 anawaambia watu ufalme wa Mungu unafanana na mwanamke anayeweka chachu kwenye vipimo vitatu vya unga. Tunasoma haraka tunapita. Akina mama, simameni hapo. Vipimo hivyo vitatu ni karibu lita 40, yaani madebe mawili hivi ya unga. Huo si unga wa chapati za familia. Huo ni wa harusi! Na mwanamke mmoja ndiye anayeukanda.

Wakati ule hakukuwa na hamira ya pakiti. Walibakisha kipande cha donge la jana, kikaachwa kichachuke, halafu kikachanganywa na donge la leo. Wanaopika uji wa kuchachusha wanalijua jambo hili vizuri: unabakisha kidogo kwenye chombo, unaongeza unga na maji, unafunika, unaacha. Huwezi kuonyesha kwa kidole mahali kazi inapofanyika. Yesu anasema mwanamke yule aliificha chachu ndani ya unga. Haikuonekana tena. Lakini unga wote uliumuka.

Nalisema hili kwa ajili ya mzazi fulani. Umemwombea mtoto wako miaka mingi. Aliacha kanisa, simu zako hapokei, na akija nyumbani Krismasi humjui tena. Kila Jumapili unasikia shuhuda za watoto wa wenzako na unapiga makofi huku koo limekaza. Wewe uliyempeleka shule ya Jumapili, uliyemfundisha kuomba kabla ya kula, uliweka kitu ndani yake. Andiko halijatuahidi kwamba kila mtoto atarudi kwa siku tunayoitaka, na mhubiri anayekupa tarehe usimwamini. Lakini limetuambia jinsi ufalme unavyofanya kazi: kwa siri, ndani, bila kelele. Na anayejua kuumua unga anajua pia kwamba ukifunua kila dakika tano kuangalia, unaingiza baridi na donge linachelewa. Pengine simu yako ya Jumamosi kwa mtoto huyo isiwe ya kumwuliza kama ameenda kanisani. Mwulize amekula nini.

Kuna jambo lingine kuhusu chachu. Sura moja tu nyuma, Luka 12:1, Yesu anaonya wanafunzi wajihadhari na chachu ya Mafarisayo, yaani unafiki. Na Pasaka ya Wayahudi chachu huondolewa nyumbani kabisa. Kwa hiyo kitu kilekile kimetumika mara kwa ubaya, mara kwa uzuri. Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Tunadhani vitu vina maana iliyofungwa ndani yake, ati ndege fulani akilia ni habari mbaya, kiganja kikiwasha ni pesa, ukijikwaa mguu wa kushoto rudi nyumbani. Hayo tuliyakuta, na wengine tumeyaleta kanisani tukayapaka mafuta. Siku hizi ni namba ya gari iliyofanana na mstari fulani, ama wimbo uliochezwa kwenye matatu wakati ulipokuwa unafikiria kuacha kazi. Mtu anafika kwa mchungaji akiwa ameshaacha kazi.

Na wengine huja wakiwa wameacha dawa. Aliota anakimbia mlimani bila kuchoka, akaamka akasema Bwana ameniponya presha, akatupa tembe. Mpendwa, ndoto nzuri ni ya kumshukuru Mungu. Mungu anaponya, tunaamini hivyo na tunaombea wagonjwa kila wiki. Lakini wale wakoma kumi wa Luka 17 Yesu aliwatuma kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa wakiwakagua. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Nenda kliniki, daktari akupime, na yeye ndiye akuambie upunguze ama uache.

Mtu atasema, na Gideoni je, na ile ngozi yake? Soma Waamuzi 6 vizuri. Gideoni alikuwa tayari amepewa neno, tena waziwazi, kabla ya kuweka ngozi uwanjani. Ngozi ilikuwa shaka yake, na Mungu alimvumilia kwa rehema. Haikuwa njia ya kuamua jambo ambalo Mungu hajalisema.

Sasa tuangalie mwanzo wa ile sura ya 13 ya Luka, sura ileile yenye unga. Watu walimletea Yesu habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa wanatoa dhabihu. Yeye mwenyewe akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Hilo lilikuwa tukio la mtaani, la kuzungumzwa sokoni, na kila mtu alikuwa na somo lake: lazima walikuwa na dhambi kubwa. Yesu alikataa. Aliwaambia waliokufa hawakuwa wakosaji kuliko wengine Yerusalemu, kisha akawageuzia wasikilizaji: tubuni ninyi. Yaani mwalimu huyu anayetoa somo kwenye unga na kwenye mbegu ya haradali anakataa kabisa tuwasomee wenzetu somo kutoka kwenye misiba yao.

Hili linatuhusu. Matatu ikianguka, nyumba ikiungua, dada akipoteza mimba ya tatu, kuna mtu atanong'ona nyuma ya kanisa kwamba kuna jambo halijaungamwa. Huyo dada anakaa benchi moja na wewe. Amesikia. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa chini naye bila kusema neno. Shida ilianza walipoanza kumfafanulia. Ukitaka kujua kama somo uliloliona katika tukio ni la Bwana, anza kwa kuuliza linamwelekea nani. Likikuita wewe utubu, ushukuru, usamehe, usubiri, lichukue ulipime kwa Maandiko. Likimhukumu jirani, liache.

Mifano midogo iko kila mahali, sitaimaliza. Mita ya tokeni hulia kabla stima haijaisha; wale wanawali watano wa Mathayo 25 nao walikuwa na muda wa kwenda dukani mapema. Na wewe uliyewahi kuchukua Fuliza unaijua ile hali: unatumiwa pesa ukiwa na njaa, na kabla hujazigusa deni limejilipa lenyewe. Warumi 13:8 inaelewa vizuri zaidi siku hiyo. Lakini siku hiyohiyo fungua Wakolosai 2:14, usome jinsi hati ya deni letu ilivyoondolewa ikagongomelewa msalabani, halafu ufikirie ingekuwaje kupata ujumbe kwamba deni lote limelipwa na mtu mwingine.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii:

Kila mmoja ataje kitu kimoja alichokishika kwa mikono tangu Jumapili, sufuria, jembe, usukani, kalamu, na andiko moja linalokigusa. Kama andiko halipatikani, msilazimishe. Endeleeni na mwingine.

Je, kuna mtu tuliyemsemea vibaya kwa sababu ya msiba uliompata? Swali hili lisijibiwe kwa sauti. Lijibiwe kwa kwenda kumtembelea kabla ya Jumapili, na mkifika msihubiri. Bebeni unga.

Viongozi wa vikundi, wapeni nafasi akina mama wazee waeleze walivyokuwa wakichachusha uji wakati wa utoto wao. Vijana wengi hawajawahi kuona, na bila hiyo Luka 13:21 inawapita.