Trela ya Mashua: Breki na Springi Zilizolika

Trela ya mashua ina desturi moja isiyokuwa ya gari lingine lo lote: huzamishwa majini kwa makusudi. Lori likitumbukia mtoni, mwenyewe husikitika na kuwaita watu waje kulivuta. Lakini mwenye mashua huirudisha trela yake nyuma pale dikoni mpaka magurudumu yafunikwe na maji, na jioni akimaliza kazi huizamisha tena ili aipakie mashua. Hapo ndipo breki na springi zake zinapoanza kufa, nazo hufa mahali pasipoonwa na jicho.

Trela za namna hii huonekana Mombasa, Kilifi na Malindi kwenye maji ya chumvi, na vile vile Kisumu na Naivasha kwenye maji matamu. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 katika kila lita, nayo hula chuma upesi kuliko maji ya ziwa. Hata hivyo mtu wa ziwani asidhani kwamba amesalimika. Kutu haidai chumvi. Hudai maji na hewa tu, na ndani ya dramu ya breki vyote viwili vimo tele.

Na ichukuliwe mfano wa mtu atokaye Nairobi kwenda Ziwa Naivasha na mashua yake, akipita barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka Waitalia wakati wa Vita Kuu vya Pili vya Dunia. Trela na mashua pamoja na injini yake zina uzito wa tani moja na nusu. Kutoka mjini hakuona kasoro yo yote. Lakini ukingo wa Bonde la Ufa unapoanza kuteremka, na kona zikifuatana, uzito ule wote huanza kulisukuma gari kwa nyuma. Ikiwa breki za trela hazishiki, breki za gari peke yake hubeba kazi ya vyombo viwili, hupata moto, na kanyagio huanza kulegea chini ya mguu. Ikiwa gurudumu moja la trela linashika na la pili halishiki, hatari ni kubwa zaidi, maana trela hugeuka ubavu na kuliburuta gari. Upande mmoja wa barabara ile ni mwamba, na upande wa pili ni bonde.

Breki za trela nyingi za mashua hazina uhusiano wo wote na kanyagio la gari. Kichwa cha trela, kile kinachoshika tufe la chuma nyuma ya gari, kimefungwa kwenye mtaimbo unaoweza kuteleza mbele na nyuma. Gari likipunguza mwendo, trela hulisukuma. Mtaimbo hurudi ndani na kusukuma wenzo, wenzo huvuta chuma kirefu na nyaya zilizopita chini ya fremu, nazo nyaya huvitanua viatu vya breki ndani ya dramu mpaka vikabane na ukuta wake. Kwa njia hiyo uzito wa trela wenyewe ndio unaoifunga breki yake. Ni ufundi wa werevu, lakini una kasoro moja. Kiungo kimoja tu kikishikwa na kutu, trela hukosa breki na dereva hana habari, kwa kuwa kanyagio lake halimwambii neno.

Sasa yafaa kueleza jinsi maji yanavyoingia, kwa sababu fundi asiyelijua jambo hili atatengeneza leo na kutengeneza tena baada ya miezi michache. Trela ikitoka safari ndefu, habu, yaani kitovu cha gurudumu, huwa imepata joto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ikizamishwa mara moja katika maji baridi, hewa ile hujikunyata ghafula na kuacha nafasi. Nafasi hiyo huyavuta maji kupita kwenye sili ya mpira, hasa ikiwa sili imezeeka. Maji huchanganyika na girisi, girisi hugeuka rangi kuwa kama maziwa, na beringi huanza kutafunwa. Kwa hiyo mwenye mashua afikapo dikoni asiwe na pupa. Na akae kitambo, afungue kamba za mashua na kupanga vyombo vyake, mpaka habu iguswe kwa mkono na kuonekana imepoa.

Kazi ya kutengeneza huanza mahali palipo sawa na pagumu, mashua ikiwa imekwisha kushushwa. Magurudumu yatakayobaki chini yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma, na nati za gurudumu zilegezwe kidogo kabla ya kuinua. Trela ikiisha kuinuliwa kwa jeki, ekseli iwekewe vigingi vya chuma au magogo mazito yaliyokatwa sawa. Jeki ni ya kuinulia tu, wala si ya kumlinda mtu aliye chini ya trela. Mawe ya kujengea nyumba yasitumiwe, kwa maana hupasuka bila onyo.

Dramu ikikataa kutoka, sababu mara nyingi ni kwamba imelika na kuacha ukingo wa kutu unaovishika viatu. Fundi na avilegeze kwanza viatu kwa skrubu ya kurekebishia, kisha aipige dramu taratibu pande zote. Akiipiga kwa hasira mahali pamoja ataipasua. Vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Bitana za breki za zamani, ambazo mafundi huziita lainingi, nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto huleta saratani na magonjwa mengine ya mapafu miaka mingi baada ya kuvutwa. Liloweshwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe katika mfuko na kutupwa mbali na watoto.

Baada ya hapo bitana zitazamwe. Zile zilizogandishwa kwa gundi zikibaki unene wa milimeta 1.5 au chini ya hapo, zimekwisha. Zile zilizopigwa ribiti zibadilishwe kabla vichwa vya ribiti havijafika usoni, la sivyo vitaikwaruza dramu mpaka iharibike. Katika trela ya mashua liko jambo jingine linalowapita mafundi wengi wa magari ya kawaida: kutu huota kati ya kiatu na bitana, huvimba, na kuibandua bitana ingawa bado ni nene. Kwa sababu hiyo kipimo cha unene hakitoshi; hapana budi ubavu wake utazamwe kama umeanza kuachana. Tena bitana iliyoloa girisi haisafishiki. Wako wanaoiosha kwa petroli na kuirudisha, lakini girisi iliyokwisha kuingia ndani hutoka tena siku breki itakapopata moto, yaani siku ya mteremko.

Dramu yenye mikwaruzo midogo husuguliwa kwa msasa. Yenye mifereji ipelekwe kwa fundi wa kerezo, naye asiichonge kupita kipimo cha mwisho ambacho kwa kawaida kimepigwa chapa juu ya dramu yenyewe. Springi ndogo za kuvirudisha viatu zibadilishwe pamoja na viatu, kwa sababu bei yake ni ndogo na zikikatika hulifunga gurudumu njiani. Viatu vya pande zote mbili vibadilishwe siku moja. Mwenye trela huweza kunung'unika kwamba upande mmoja ungali mzuri, lakini viatu vipya upande mmoja na vikuukuu upande wa pili ndivyo viletavyo ile hatari ya trela kugeuka ubavu.

Nyaya za breki zivutwe kwa mkono. Uliotengenezwa vema huteleza ndani ya ala yake bila kusita. Waya uliokwama usitiwe mafuta na kusifiwa kwamba umepona, maana kutu iko ndani na itaushika tena baada ya kuzamishwa mara mbili au tatu. Na ubadilishwe.

Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Zenye vishimo, au rangi ya samawati iliyoletwa na joto, hazifai tena. Beringi mpya ya mviringo uliochongoka iende pamoja na kikombe chake kipya, kwani vyote viwili hulika pamoja. Girisi iwe ya namna isiyoondolewa na maji, ishindiliwe kwa kiganja mpaka ichomoze upande wa pili, wala isichanganywe na girisi nyingine ya zamani. Sili ya mpira iwe mpya kila mara habu ifunguliwapo. Nati ya katikati ikazwe huku gurudumu likizungushwa, kisha ilegezwe mpaka ubaki mchezo mdogo sana usiozidi kuhisiwa tu kwa mkono, halafu itiwe pini mpya ya miguu miwili. Trela nyingine za siku hizi zina beringi zilizofungwa kiwandani. Hizo hazitiwi girisi, na nati yake hukazwa kwa spana ya kipimo kama alivyoagiza mtengenezaji.

Kurekebisha breki kuna utaratibu wake, nao ukipinduliwa kazi yote huwa bure. Kwanza kichwa cha trela kivutwe mbele mpaka mwisho, breki ya mkono iachiliwe, na nyaya zilegezwe. Halafu skrubu ya ndani ya dramu ikazwe, gurudumu likizungushwa kwa upande wa kwendea mbele, mpaka lishikwe kabisa. Kisha ilegezwe kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke kwa uhuru. Magurudumu yote yakiisha kufanywa hivyo, ndipo nyaya zitakapoondolewa ulegevu. Mafundi wenye haraka huanza na nyaya kwa sababu ziko nje na spana huzifikia upesi. Breki huonekana kushika siku ile, lakini wenzo ulio ndani umekwisha kuvutwa nusu ya safari yake, na bitana zikipungua kidogo tu hauna tena pa kwenda.

Trela zenye breki za mafuta hufuata mashauri hayo hayo juu ya viatu na dramu, ila mabomba yake ya feleji yatazamwe sana kwenye vibano vinavyoyashika, ambapo maji hutuama.

Springi nazo zina adui yule yule. Springi ya mabapa ni vipande vya feleji vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kushikwa na bolti ya katikati. Maji ya chumvi huingia kati ya mabapa na kubaki humo. Kutu huyasukuma yaachane, na bapa kuu hukatika karibu na bolti hiyo au kwenye jicho la mwisho. Fundi na azisafishe kwa brashi ya waya, kisha atafute mstari mwembamba wa ufa. Trela ikisimama upande mmoja chini kuliko wa pili, au tairi ikilika ukingo mmoja, ndiyo dalili.

Bapa lililokatika lisichomelewe. Feleji ya springi ilipata unyumbufu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea huuondoa. Mahali palipochomelewa patakatika tena, na ekseli itahama ikiwa imebeba mashua. Inunuliwe springi nyingine kwa kupima upana na unene wa bapa, hesabu ya mabapa, na urefu kutoka jicho hadi jicho, nazo zinunuliwe mbili. Bushi za macho na vishikizo vyake vibadilishwe pia. Bolti za umbo la U zinazoibana ekseli zisirudishwe zile zile, kwani zimekwisha kuvutika. Wakati wa kukaza, kichwa cha bolti ya katikati kiingie barabara katika tundu la kiti cha ekseli. Kisipoingia, ekseli itakaa upande, na trela itakwenda mshazari kama kaa.

Ziko trela zisizo na springi za feleji, bali mipira minene imeingizwa ndani ya bomba la ekseli. Mipira hiyo ikichoka, mkono wa gurudumu hulala na tairi hukaribia kugusa bawa lake. Hakuna fundi awezaye kuitengeneza. Sehemu yote hubadilishwa.

Mwisho kichwa cha trela chenyewe kitiwe girisi na kusukumwa kwa nguvu. Ndani yake mna shokomzoba ndogo ya kuupunguza mgongano. Mtaimbo ukiingia na kutoka bila kupingwa, shokomzoba hiyo imekufa, na gari litapigwa kumbo kila dereva akanyagapo breki.

Trela iliyotengenezwa ijaribiwe kwanza bila mashua, kwenye barabara tupu iliyo sawa, kwa mwendo wa pole. Baada ya kilometa chache dereva asimame na kulipeleka jicho na mkono kwenye kila habu. Zikiwa na vuguvugu la kulingana, kazi ni njema. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, ama viatu vyake vinakwaruza, ama nati ya beringi imekazwa kupita kiasi, na irudishwe kwenye jeki siku hiyo hiyo. Bolti za springi na nati za magurudumu zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Kila mara trela itokapo majini imwagiwe maji matamu kwenye dramu na springi, kisha ivutwe mwendo mfupi huku breki zikiguswa mara kwa mara ili dramu zikauke. Wakati wa kuihifadhi kwa miezi mingi, breki ya mkono iachiliwe na magurudumu yazuiwe kwa magogo, kwa sababu viatu vilivyoachwa vikibana dramu yenye unyevu hugandana nayo.