Kuchapa Picha za Mandhari Nyumbani: Faida Yake na Njia Yake

Siku hizi watu wengi wana kamera, maana karibu kila simu ya mkononi ina kamera ndani yake. Mtu akisimama juu ya kilima akaona bonde na mashamba yake, huitoa simu, hupiga picha, kisha huenda zake. Picha hiyo hukaa ndani ya simu pamoja na mamia ya nyingine, wala haitazamwi tena. Simu ikiibwa, au ikianguka majini, picha ambazo hazikuwekwa mahali pengine hupotea kwa siku moja. Hivyo mwenye simu huwa na picha nyingi, lakini ukutani mwake haimo hata moja ya kilima alichozaliwa karibu nacho.

Somo hili laeleza faida ya kuchagua picha chache za nchi na kuzichapa nyumbani kwa mkono wa mwenyewe. Laonyesha pia njia ya kufanya kazi hiyo bila kupoteza wino na karatasi.

Picha ni shahidi wa nchi

Nchi hubadilika polepole, na macho ya mtu aishiye humo hayaoni mabadiliko hayo. Korongo huanza kama mfereji mdogo baada ya mvua, na msitu huisha mti mmoja mmoja. Picha nzuri iliyohifadhiwa ndiyo iwezayo kutoa ushahidi.

Mfano mmoja ni wa Machakos. Mwaka 1937 zilipigwa picha za vilima vya wilaya hiyo ili kuonyesha jinsi maji ya mvua yalivyokuwa yakichukua udongo. Zaonyesha miteremko mitupu iliyochanwa na makorongo. Zaidi ya miaka hamsini baadaye picha hizo zilitolewa tena, na mahali pale pale pakapigwa picha mpya. Wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza habari hizo katika kitabu chao cha mwaka 1994. Ingawa watu wa wilaya walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, miteremko mingi ilikuwa na miti na matuta, yakiwemo yale yaitwayo fanya-juu, ambayo mkulima huyafanya kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Kama picha za kale zingalipotea, nani angaliamini kwamba vilima vile vilikuwa vitupu?

Mfano wa pili ni wa Mlima Kenya. Msafara wa Halford Mackinder, uliofika kilele cha Batian mwaka 1899, ulikuwa na kamera. Picha za barafu zilizopigwa wakati ule, pamoja na za miaka iliyofuata, zimewawezesha wataalamu kuonyesha wazi jinsi barafu ya mlima huo ilivyopungua. Mtu asemaye kwa mdomo tu kwamba zamani barafu ilikuwa kubwa aweza kubishiwa, lakini aliye na picha mkononi si rahisi kubishiwa.

Mwenye kuchapa hujifunza kutazama

Huenda mtu akauliza: kwa nini kujisumbua nyumbani, na maduka ya picha yapo mjini? Jibu ni kwamba dukani mashine huamua mambo mengi yenyewe, nayo haikuwako pale picha ilipopigwa.

Chukua mfano wa picha iliyopigwa asubuhi na mapema kutoka ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Limuru, mpigaji akiutazama Mlima Longonot. Saa hiyo jua liko nyuma yake. Linaangaza ubavu wa mlima, lakini miti iliyo chini ya ukingo bado imo kivulini. Kati ya miti na mlima pana ukungu mwepesi. Picha kama hiyo ikipita katika mashine iliyowekwa kurekebisha kila picha kwa kipimo kimoja, aghalabu mashine hufikiri kwamba kivuli ni kosa, ikakiangaza. Tena hufikiri kwamba ukungu ni kosa, ikauondoa. Picha hurudi safi na yenye rangi kali, lakini ile asubuhi haimo. Pengine hata kando za picha hukatwa ili zilingane na karatasi ya duka, na mti uliosimama pembeni ukapotea.

Mwenye kuchapa mwenyewe hapana budi kujiuliza maswali. Je, kivuli kile kilikuwa cheusi kabisa, au mtu aliweza kuona majani? Ukungu ulikuwa mweupe, au ulikuwa na rangi ya samawati? Jambo kuu katika picha ni mlima, au ni bonde lililo mbele yake? Akijiuliza hayo mara kumi kwa picha kumi, safari ijayo atayatazama yote kabla ya kubonyeza kamera. Hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana karatasi humfundisha macho.

Mabingwa wa kazi hii wamelijua jambo hilo tangu zamani. Ansel Adams wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufa mwaka 1984, alisifika kwa picha za milima na majangwa ya nchi yake. Katika ujana wake alijifunza kupiga piano, akazoea kulinganisha filamu na muziki ulioandikwa, na picha ya karatasi na muziki unapopigwa. Wimbo ni ule ule, lakini kila unapopigwa waweza kuwa na uzito mwingine. Nyumbani kwake karibu na Carmel, katika California, alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliichapa mara nyingi kwa muda wa miaka mingi, na kadiri miaka ilivyopita alizidi kuitia mbingu weusi. Filamu ilikuwa ile ile moja. Kilichobadilika ni mawazo ya mchapaji.

Njia ya kufanya kazi

Leo chumba cha giza si lazima. Printa ya wino na kompyuta au simu zatosha. Lakini yafaa kufuata utaratibu huu.

Kwanza, chagua picha. Katika picha hamsini huenda moja tu ikastahili karatasi. Itumie picha ya asili kama ilivyotoka katika kamera. Ile iliyotumwa na rafiki kwa simu mara nyingi imepunguzwa ili ipite upesi. Picha ya simu hufanywa kwa nukta ndogo ndogo. Kwa karatasi ya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, yafaa picha iwe na nukta zipatazo 2,480 kwa 3,508 ili ionekane safi ikishikwa mkononi. Ikiwa nukta ni nusu ya hizo kila upande, yafaa ichapwe kwa nusu ya urefu na nusu ya upana.

Pili, punguza mwangaza wa kioo. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, bali karatasi haina mwanga. Hurudisha tu ule unaoiangukia. Kwa sababu hiyo picha iliyopendeza kiooni hutoka nyeusi karatasini, na watu wengi hudhani printa imeharibika. Kioo kikipunguzwa mwangaza hata kikakaribia weupe wa karatasi iliyo kando yake, mshangao huo hupungua sana.

Tatu, jaribu kwanza kwa vipande. Kata karatasi moja nzuri vipande vinne. Chagua sehemu ya picha iliyo na kivuli na mwanga pamoja, kama pale miti inapokutana na ubavu wa Longonot. Ichape sehemu hiyo mara nne, kila mara ukizidisha mwangaza kidogo, na nyuma ya kila kipande andika kipimo ulichotumia. Ngoja vipande vikauke, kisha vitazame karibu na dirisha mchana, maana taa ya usiku hugeuza rangi. Kwa karatasi moja umepata jibu ambalo lingaliweza kula karatasi nne.

Nne, rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukigeuza mwangaza na rangi pamoja, hutajua ni lipi lililosaidia na lipi lililoharibu.

Tano, chapa picha nzima, ukiacha ukingo mweupe pande zote. Ukingo huo hulinda picha isiguswe na vidole. Iache ikauke siku nzima kabla ya kuitia ndani ya fremu yenye kioo.

Karatasi, wino na gharama

Karatasi ya kawaida ya kuandikia haifai. Hunywa wino ukasambaa, na picha ikafifia. Inunuliwe karatasi ya picha iliyo nzito. Ile ing'aayo huonyesha rangi kali na weusi mzito. Ile isiyong'aa ni tulivu zaidi, haimulikwi na dirisha, nayo hufaa sana kwa picha za ukungu na mvua.

Wino nao ni wa namna mbili. Namna moja rangi yake imeyeyuka kabisa katika maji, kama sukari katika chai. Hung'aa vizuri, lakini kwa kawaida hufifia upesi zaidi juani. Namna ya pili ina chembe ndogo sana za rangi zinazokaa juu ya karatasi, nayo kwa kawaida hudumu zaidi. Atakaye picha ya kuwaachia wajukuu na aulize habari hii kabla ya kununua printa.

Ni kweli kwamba wino ni ghali. Mtu atakaye picha ndogo mia moja za arusi na aende dukani, atapata nafuu. Kuchapa nyumbani kwafaa kwa picha chache zilizochaguliwa. Tena printa isiyotumika hukaukiwa na wino katika matundu yake madogo, na kuyasafisha hula wino mwingi. Yafaa kuchapa picha ndogo yenye rangi zote angalau mara moja kwa juma. Wasioweza kununua printa peke yao waweza kuungana, watu watano au sita, au kuomba itumike ya shule au ya chama chao. Mashine ya shirika hutumika mara kwa mara, haikauki, na kila mmoja hujifunza kwa makosa ya wenzake.

Ukweli wa picha

Yampasa mchapaji kuwa mwaminifu. Kuangaza kivuli ili majani yaonekane, kama macho yalivyoyaona, si uongo. Lakini kufuta korongo ili shamba lionekane zuri, au kuweka majani mabichi mahali penye vumbi, ni kuharibu ushahidi. Mtoto atakayeitazama picha hiyo baada ya miaka arobaini hatakuwa na njia ya kujua kwamba alidanganywa.

Kuandika na kuhifadhi

Nyuma ya kila picha, kwa penseli laini au kalamu isiyovuja wino, yaandikwe mambo manne: jina la mahali, tarehe, saa, na upande ambao kamera ilielekea. Kazi hii ni ya dakika moja, lakini wengi huiacha. Hata Ansel Adams hakuandika tarehe ya ile picha yake ya mwezi wa Hernandez, na baadaye alitaja miaka mbalimbali. Ikawabidi wataalamu wa nyota kupiga hesabu ya mahali mwezi ulipokuwa angani, ndipo ikajulikana kwamba ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941. Si kila picha ina mwezi wa kuisaidia.

Picha za ukutani ziwekwe mbali na jua na moshi wa jikoni. Nyingine zikae katika bahasha safi ndani ya sanduku kavu, wala zisigandishwe kwa gundi. Pwani, penye unyevu mwingi, zitazamwe mara kwa mara zisishikwe na ukungu. Nakala ya picha ya asili iwekwe pia mahali pengine, kama katika kompyuta ya ndugu, maana karatasi yaweza kuungua na simu yaweza kupotea, lakini ni shida vyote viwili kupotea pamoja.

Mahali pa kuanzia

Si lazima kusafiri mbali kutafuta mlima mkubwa. Mwanafunzi wa kazi hii na achague mahali pamoja karibu na nyumbani kwake: mto, mteremko wa shamba, au chemchemi. Na asimame kwenye jiwe lile lile au karibu na nguzo ile ile, apige picha moja wakati wa kiangazi na moja baada ya mvua, kila mwaka, na kila moja aichape na kuiandika. Baada ya miaka mitano atakuwa na picha kumi. Akizipanga mezani mbele ya wazee na vijana wa mji wake, wataona wenyewe kama chemchemi inapungua, kama matuta yanazuia udongo, na kama miti iliyopandwa imeshika. Hapo mazungumzo ya kuitunza nchi yatakuwa na jambo la kushika mkononi.