Dondoo muhimu: Ukipita Paducah, Kentucky

Anzia ukutani. Ukuta wa zege unaoukinga mji huu dhidi ya mto Ohio ulijengwa baada ya mafuriko ya 1937, yaliyowahamisha wakazi wapatao 27,000. Upande unaotazama mjini umechorwa historia ya Paducah, kazi aliyoianza msanii Robert Dafford mwaka 1996. Tembea kwa miguu, tena polepole; ukipita na gari utaambulia rangi tu. Kisha vuka lango uteremke ukingoni, uangalie boti zikisukuma matishari pale mto Tennessee unapoingia Ohio.

Makumbusho ya mifarishi ya viraka yapo jirani. Usidhani ni mambo ya mabibi: sogea karibu uone mishono. Ila mwezi wa Aprili maonyesho ya washonaji hujaza hoteli, kwa hiyo weka nafasi mapema au chagua mwezi mwingine.

Wengi huiruka Hotel Metropolitan, na hapo wanakosea. Enzi za ubaguzi, ilipokea wasafiri Weusi waliokataliwa kwingine. Siku hizi ni makumbusho. Piga simu kwanza uhakikishe pamefunguliwa.