Kompyuta ya Nyumbani Inapokataa Kufunguka

Katika wadi ya Gatongora, Ruiru, Kaunti ya Kiambu, kama kwingineko kando ya barabara ya Thika, kompyuta ya nyumbani mara nyingi ni moja na watumiaji ni wengi. Mzazi anaitumia kujaza ushuru kwenye iTax, kijana wa chuo anaandikia tasnifu yake hapo, na watoto wanaingoja kwa mradi wa shule. Kisha siku moja skrini inagoma: nywila si sahihi. Ushauri wa kwanza anaoupata mwenyewe, kwa jirani au kwenye saiba, ni kufomati na kuweka Windows upya. Ushauri huo umepotezea watu picha, vyeti na kazi ya miezi, na mara nyingi haukuhitajika hata kidogo. Majibu yafuatayo yanashika utaratibu wa fundi makini: kujua kwanza ni kufuli lipi lililofungwa, kuokoa faili, na kufuta pale tu ambapo njia nyingine zimekwisha.

Nywila ni ile ile ya jana. Kwa nini inakataliwa leo?

Kwa sababu huenda kompyuta inasoma herufi tofauti na zile ambazo mtu anadhani anazibonyeza. Caps Lock na Num Lock ndizo za kwanza kutazamwa. Hizo kila mtu anazijua. Lakini Kenya kuna sababu nyingine inayostahili kuangaliwa mapema pia, nayo ni laptopu za mtumba zinazouzwa kwa jina la ex-UK. Nyingi huja na kibodi ya Kiingereza cha Uingereza, ilhali Windows iliyowekwa dukani imepangwa kwa kibodi ya Marekani. Kwenye kibodi ya Uingereza, alama ya @ iko karibu na Enter, na Shift pamoja na 2 hutoa alama ya kunukuu. Kwenye ya Marekani mambo ni kinyume. Shift na 3 nazo hutoa alama ya pauni kwenye ya Uingereza, na # kwenye ya Marekani.

Basi mtu aliyetunga nywila yenye @ wakati kompyuta imepangwa kwa mtindo mmoja, akiikuta imehamia mtindo mwingine baada ya kupitia kwa fundi, ataandika nywila yake sawasawa na itakataliwa kila mara. Dawa yake haina gharama. Chini kulia mwa skrini ya kuingilia huweza kuwa na herufi za lugha ya kibodi. Zikibonyezwa, mtindo hubadilishwa. Na mwishoni mwa kisanduku cha nywila kuna alama ya jicho, ambayo ikishikiliwa huonyesha kilichoandikwa. Jicho hilo lingetumiwa kabla ya kulaumu kumbukumbu, fedha nyingi za ufundi zingebaki mfukoni.

Jambo la kuepuka ni kubahatisha mfululizo. Windows 11 iliyowekwa miaka ya karibuni huweza kuifunga akaunti ya ndani kwa dakika 10 baada ya makosa 10, na mtoto mwenye haraka hufika hapo upesi sana.

PIN na nywila si kitu kimoja?

Hapana, na kuzichanganya ndiko kunakowafungia wengi. PIN huishi ndani ya mashine hiyo moja. Nywila ya akaunti ya Microsoft, mtindo ulioanza na Windows 8 mwaka 2012, hutumika popote pale akaunti inapofunguliwa. Kubadilisha ubao mkuu wa kompyuta, au kusasisha programu yake ya msingi, huweza kuifuta PIN huku nywila ikiwa salama. Chini ya kisanduku kuna maandishi ya kuchagua njia nyingine ya kuingia. Hapo ndipo nywila inapoitwa. Mashine ikimwambia mtu aandike A1B2C3 baada ya kukosea PIN mara kadhaa, hiyo si hujuma. Windows inataka kuhakikisha kwamba kuna binadamu kwenye kibodi, wala si kibonyezo kilichokwama.

Nywila imebadilishwa kwa simu, lakini kompyuta haiitambui. Kwa nini?

Kompyuta isiyo na intaneti haina habari ya mabadiliko hayo. Itaendelea kuikubali nywila ya zamani, ile iliyotumika mara ya mwisho ikiwa mtandaoni. Kwa hiyo mwenye kompyuta ajaribu ya zamani, au abonyeze alama ya mtandao kwenye skrini hiyo hiyo ya kuingilia na kuiunganisha na intaneti ya simu yake.

Kompyuta kuukuu za mezani zina kisa chao. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida aina ya CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, mashine huamka ikidhani ni mwaka mwingine, na mawasiliano salama na mtandao hukataliwa kwa sababu tarehe haipatani. Betri hiyo hubadilishwa kwa dakika chache.

Namba ya kuthibitisha inatumwa kwa laini iliyopotea. Kuna njia?

Ipo, na inaanzia kwenye duka la kampuni ya simu, si kwa fundi wa kompyuta. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwenyewe hurudishwa, na ujumbe ukaingia kama kawaida. Shida ni laini iliyoachwa muda mrefu, kwa kuwa kampuni huigawa upya kwa mteja mwingine. Hapo inabaki barua pepe ya akiba, au fomu ya Microsoft ya kurejesha akaunti, ambayo huuliza mambo kama nywila za zamani. Fomu hiyo haisaidii kama uthibitisho wa hatua mbili ulikuwa umewashwa. Anayebadilisha njia zake zote za uthibitisho kwa pamoja pia husubirishwa siku 30. Muda huo umewekwa ili mwizi wa akaunti asimalize kazi kabla mwenye mali hajashtuka.

Imetokea skrini ya buluu inayodai tarakimu 48. Hizo zinatoka wapi?

Hili ndilo kufuli zito kuliko yote, na ndilo linaloeleweka kidogo zaidi. Tarakimu hizo ni ufunguo wa BitLocker, mfumo unaosimba diski nzima ili mwizi wa laptopu asisome kitu. Huitishwa mashine inapohisi kwamba imeguswa: mipangilio ya msingi imebadilishwa, au kifaa cha ndani kimetolewa. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, usimbaji huu huwashwa wenyewe kwenye kompyuta nyingi zaidi zinapowekwa upya, na wengi wanao bila kujua.

Mwaka huo huo dunia ilishuhudia uzito wake. Tarehe 19 Julai, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na mafundi wa mashirika mengi walilazimika kuandika funguo hizo kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine.

Kwa kompyuta ya nyumbani, ufunguo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza. Unatafutwa kwa simu kwenye ukurasa wa aka.ms/myrecoverykey, kisha utambulisho ulio kwenye skrini unalinganishwa na ulio kwenye orodha. Hapa ndipo wanunuzi wa mtumba huumia. Muuzaji aliyeandaa laptopu kwa akaunti yake mwenyewe ndiye mwenye ufunguo, hata kama haikumbuki mashine hiyo. Apigiwe simu mapema. Ufunguo usipopatikana popote, hakuna fundi wala Microsoft anayeweza kuzisoma faili hizo, na anayeahidi vinginevyo kwa malipo ya mbele asipewe hata shilingi.

Stima ilipotea ghafla, na sasa Windows inasema wasifu haukupakiwa. Faili zimekwenda?

Kwa kawaida hazijaenda popote. Umeme unapokatika katikati ya uandishi, faili inayobeba mipangilio ya mtumiaji huharibika, lakini folda yake hubaki kwenye diski. Mtu hushika Shift huku akichagua kuwasha upya, akaingia katika hali salama au akairudisha mashine kwenye hali ya siku za nyuma.

Laptopu ya mtumba imefomatiwa, lakini inaonyesha jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Ifanyweje?

Irudishwe ilikonunuliwa, pamoja na risiti. Mashine hiyo bado iko kwenye orodha ya shirika fulani, na ni shirika hilo tu linaloweza kuiondoa. Kufomati tena hakubadilishi lolote. Isitoshe, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaadhibu kuingia kwenye kompyuta bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Fundi anayeomba uthibitisho wa umiliki kabla ya kuifungua mashine anajilinda, na anamlinda mteja.

Na fundi akisisitiza kwamba lazima ifutwe?

Aulizwe maswali mawili kabla ya bei kutajwa: je, diski imesimbwa, na je, amejaribu kuisoma kwenye kompyuta nyingine? Diski isiyosimbwa hutolewa, ikaunganishwa kwa kebo ya USB, na faili zikanakiliwa bila nywila yoyote. Nakala hizo zifunguliwe mbele ya mwenyewe, picha na nyaraka kadhaa, si majina ya folda peke yake. Baada ya hapo Windows inaweza kuwekwa upya, kwa akaunti ya mwenye kompyuta na laini ya simu anayoitumia sasa.