Joto au kinga ya mionzi?

*Nasoma uhandisi wa nyuklia, mwaka wa tatu. Nimebakiza nafasi moja ya somo la hiari: uhamishaji wa joto katika vinu, au kinga ya mionzi. Nikirudi nyumbani, lipi litanipa kazi? – Mtanzania, Urusi*

Hofu yako ni kurudi na ujuzi usio na mwajiri. Hata hivyo, ningechagua joto. Fukushima, mwaka 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima tetemeko lilipopiga; kilichoviyeyusha ni joto la mabaki, ambalo mara tu baada ya kuzimwa hufikia asilimia 6 hivi ya nguvu ya kinu, tsunami ilipokata umeme wa kupoozea. Hesabu za uhamishaji wa joto ni ngumu kujifunza peke yako, na zinatumika hata kwenye mitambo ya gesi na jotoardhi. Utasema Tanzania haina kinu cha umeme, ila ina hospitali ya saratani ya Ocean Road na Tume ya Nguvu za Atomiki, ambako kinga ya mionzi ni kazi ya kila siku. Kweli, na kama ndiko unakolenga, nipuuze. Lakini kinga huongezewa baadaye kwa kozi fupi, na mara nyingi misingi yake imo katika masomo ya lazima. Hakikisha kwenye mtaala wenu. Kama termodinamiki ilikushinda, muone mshauri wako kabla usajili haujafungwa.